Mguu Uliokandwa Mara Mbili

Siku mguu wa kushoto wa Fundi ulipokataa kuingia kwenye kandambili, nyumba ilikuwa imejaa watu kama desturi yake. Sebuleni walikaa kina mama wawili waliokuja kuulizia sare za watoto wao. Uani, kwenye benchi refu lililoegemezwa ukutani, watu watano walingoja zamu ya mikono ya Bi Mikono, na katika watano hao hapakuwa na mwenye haraka, maana kwenye benchi lile habari za mtaa zilifika zingali mbichi, na aliyekuja na mgongo unaouma aliweza kuusahau mpaka aitwe.

Ilikuwa nyumba ya kazi mbili. Mbele alishona Fundi. Nyuma alikanda wifi yake, dada wa mumewe, mjane mpana wa mabega mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Waliojifungua, waliotegua vifundo, waliolalia shingo vibaya, wote walimwita Bi Mikono, naye aliitika hivyo hata benki.

"Wewe nahodha," alikuwa akimwambia kijana wa timu ya mpira aliyelala kifudifudi mkekani mbele yake, "mguu huu nimekutengenezea mara ngapi mwaka huu?"

"Mara tatu, Bi Mikono."

"Na mmeshinda mechi ngapi?"

"Moja."

"Basi ugonjwa hauko mguuni."

Benchi likaangua kicheko. Muuza mkaa, aliyekuwa anafuata kwenye zamu, alicheka mpaka akashika kile kiuno alichokileta kukandwa. Hapo ndipo sauti ya Fundi ilipokuja kutoka mbele, ndogo, ya mtu asiyetaka wageni wamsikie.

"Wifi. Hebu njoo mara moja."

Bi Mikono alijifuta mikono kwa kanga, akamwachia nahodha mguu wake nusu umekandwa, akaingia ndani. Alimkuta wifi yake amekaa pale pale alipomwacha asubuhi, nyuma ya cherehani, kati ya marundo mawili ya sketi za bluu. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu na sare mia mbili na arobaini zilikuwa zimeagizwa. Kwa siku kumi na mbili Fundi alikuwa haondoki kwenye kigoda. Zamani, kazi kama hiyo ingemchosha miguu, kwa sababu kwa miaka kumi na minane alikuwa akiendesha cherehani kwa kukanyaga, kisigino na vidole, kisigino na vidole, kutwa nzima. Lakini miezi miwili iliyopita binti yake alipokea mshahara wa kwanza wa ualimu, akamnunulia mama yake mota. Sasa kidole gumba cha mguu wa kulia kiligusa tu kipedeli kidogo kama kipande cha sabuni, sindano ikakimbia yenyewe. Mguu wa kushoto ulikuwa umestaafu.

Na maji hakunywa. Choo kilikuwa uani, hatua kumi na mbili tu, lakini njia ilipita mbele ya benchi. Huwezi kuwapita watu watano ukampa salamu mmoja. Kila mtu na hali yake, na watoto wake, na mkwe wake aliyelazwa. Safari moja ya chooni ilikula robo saa ya sketi, kwa hiyo Fundi aliona afadhali kukausha koo.

"Uvimbe umerudi tena," alisema, akivuta gauni mpaka gotini.

Bi Mikono aliinama. Mguu ulikuwa umejaa kutoka kifundo hadi juu ya goti, ngozi imevutika inang'aa, na ulikuwa na joto kama mkate uliotolewa sasa hivi. Asubuhi, kabla wateja hawajaja, alikuwa ameukanda vizuri sana. Vidole vyake vilikutana na kitu nyuma ya goti, kigumu kama kamba, kikipanda kwa ndani ya paja. Alijua dawa yake. Damu imelala, na damu iliyolala huamshwa. Aliisukuma ile kamba juu, juu, kuelekea moyoni, kama mama yake alivyomfundisha kusukuma kila kitu kilicholala.

"Nyoosha," alisema, akamimina mafuta.

Safari hii kamba haikuwa ndefu kama ya asubuhi. Ilikuwa imefupika, tena imelainika upande wa juu. Bi Mikono akafurahi, akaongeza nguvu.

"Unaiona kazi? Inakimbia hiyo. Kufikia jioni utacheza ngoma."

"Wifi, unaniumiza."

"Maumivu ndiyo yanayotoka."

Binti alikuwa amerudi kula chakula cha mchana. Alisimama mlangoni na sahani mkononi, akautazama mguu wa kushoto, akautazama wa kulia.

"Shangazi, uchovu ungevimbisha yote miwili."

"Mwanangu, wewe wafundishe watoto kuhesabu. Miguu niachie mimi, nimeizoea tangu hujazaliwa."

"Hesabu ndiyo hiyo, shangazi. Mmoja umevimba, mmoja haujavimba."

"Msikieni mwalimu," alisema Bi Mikono, na kina mama wawili wa sare wakacheka kwa adabu.

Fundi alishusha gauni, akashukuru, akainuka kwenda mezani kukata kola. Alipiga hatua tatu. Ya nne hakuifikisha. Alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, akabaki ameinama, mkasi ukining'inia kidoleni, na watu wote sebuleni wakasikia jinsi anavyovuta pumzi, fupi fupi, kama mtu aliyekimbizwa.

"Nini, mama?"

"Ubavuni. Nikivuta pumzi, ni kama nachomwa bisibisi."

* * *

Aliyekuwa na gari karibu ni mwoka mikate. Walimpandisha Fundi nyuma, kati ya kreti tupu, akaketi akiegemea kifua cha wifi yake. Binti alikaa mbele akimpigia simu baba yake, ambaye siku hiyo alikuwa juu ya ngazi akipaka rangi ukuta wa ghala. Kabla milango haijafungwa, muuza mkaa alikwisha kupanda, na nahodha naye akapanda akichechemea, na nyuma yake mama mmoja kijana aliyekuwa na kichanga mgongoni. Benchi zima likahamia hospitali. Hivyo ndivyo mtaa ule ulivyougua, kwa pamoja.

Kwenye dirisha la mapokezi karani hakuinua uso. Alisukuma fomu. Bi Mikono akaichukua, akaanza kujaza, na kila alipoweka kidole karatasi ilibaki na duara la kupitisha mwanga.

"Mama, mbona unaipaka mafuta? Hii si karatasi ya kufungia samaki."

"Samahani, mwanangu. Nimetoka kazini."

"Kazi gani?"

"Nakanda."

Karani alitoa fomu nyingine, akaishika kwa ncha za vidole, akaandika mwenyewe. "Mguu kuvimba," alisema huku akiandika. "Kaeni pale mngoje zamu."

"Na pumzi," alisema binti. "Andika na pumzi haipandi."

Neno hilo liliwafungulia mlango. Fundi alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu hadi kwenye kijumba kilichotengwa kwa pazia, na ndugu mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa kumfuata. Binti alitaka kwenda. Fundi alinyoosha mkono kwa wifi yake.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, kalamu mbili nyweleni, sauti ya mtu ambaye hajakaa chini tangu asubuhi. Aliufunua mguu, akaweka vidole viwili juu ya wayo, akatulia akisikiliza kwa vidole hivyo. Bi Mikono aliutazama mkono ule kwa jicho la mtu wa kazi, akaona kwamba unajua unachotafuta.

"Wayo una joto na mapigo yapo," alisema daktari. "Nashukuru. Mshipa unaoleta damu mguuni uko wazi. Huo ungeziba, mguu ungekuwa umepauka, baridi kama chuma, na saa hizi tungekuwa tunamkimbiza chumba cha upasuaji. Huu nadhani umeziba mshipa unaorudisha damu. Damu inaingia, kutoka haitoki, ndiyo maana umejaa hivi."

Alitoa futi mfukoni, akazungusha shavu la mguu wa kushoto, kisha wa kulia. Fundi, pamoja na maumivu yake yote, hakuweza kuvumilia.

"Samahani, daktari. Kushoto umeanzia chini kidogo. Na kulia umelegeza. Ukipima hivyo, suruali haitamkaa mtu."

Daktari alimtazama. Akampa futi.

Fundi alipima kutoka chini ya goti, vidole vinne na vinne vingine, akaweka alama kwa kucha, akazungusha, akasoma bila kukodoa macho. "Kushoto arobaini na moja. Kulia thelathini na sita."

"Tofauti ya sentimita tatu tu hunitia wasiwasi," alisema daktari akiandika. "Hizi ni tano. Umesafiri safari ndefu karibuni? Umelazwa? Umefanyiwa upasuaji?"

"Nimeshona."

"Siku ngapi?"

"Kumi na mbili. Nimekaa tu."

"Vidonge vya uzazi wa mpango?"

"Niliacha zamani."

"Maji unakunywa?"

Fundi alisita. "Choo kiko mbali."

Bi Mikono alijua choo kiko hatua kumi na mbili, na hata sababu aliijua, maana mwenye benchi ni yeye.

"Na mbona mguu una mafuta?"

"Ngozi yangu kavu, daktari. Nilijipaka."

"Kuna mtu aliyeukanda?"

Fundi aliutafuta mkono wa wifi yake pembeni ya kitanda, akakibana kidole chake kimoja. "Hapana," alisema. "Hakuna aliyenigusa."

"Na hiyo pumzi?"

"Joto tu la gari la mikate. Inapungua."

Daktari aliangalia ukutani, mahali palipokuwa na kulabu tupu. Kidude cha kubana kidoleni, cha kupimia hewa iliyo kwenye damu, kilikuwa kitanda cha saba. Mtu alikuwa anaita kutoka huko. "Sawa," alisema. "Nitakuandikia picha ya mguu, ile ya mashine ya kupitisha juu ya ngozi. Foleni ni ndefu. Ikishindikana leo, itakuwa kesho asubuhi. Ulale, usitembee." Akashika pazia.

Bi Mikono alisimama pale, kidole chake kimebanwa. Aliwasikia watu wake upande wa pili wa pazia, hatua tatu tu. Alimsikia muuza mkaa akikohoa kile kikohozi chake, akamsikia yule mama kijana akikibembeleza kichanga alichokikanda yeye mwenyewe siku arobaini mfululizo. Jina lake lote lilikuwa limekaa kwenye viti vile vya plastiki. Kwa uongo ule wifi yake alikuwa amelinunulia jina hilo usiku mmoja wa heshima, na hakutaka hata shukrani. Kisha akasikia pumzi. Fupi, fupi, na baada ya kila ya tatu Fundi alimeza mate, kwa siri, ili isionekane kama anahema.

"Daktari," alisema Bi Mikono. Hakujua kusema kwa sauti ya chini, maisha yake yote hakuwahi. "Nimemkanda mimi. Mara mbili."

Nje ya pazia kikohozi kilikatika katikati.

"Wifi," alisema Fundi.

"Nyamaza wewe. Huna pumzi ya kudanganya."

Daktari aliliachia pazia, akarudi. "Lini?"

"Alfajiri, halafu saa saba mchana."

"Pumzi ilianza lini?"

"Baada ya ile ya pili. Hata robo saa haikufika."

"Ulikanda kwenda chini au kwenda juu?"

"Juu. Kuelekea moyoni."

Daktari alifumba macho, akayafumbua. "Ulisikia nini? Vidole vyako vilisikia nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo Bi Mikono. Watu waliuliza bei, waliuliza utapona lini. Akaweka shubiri yake hewani juu ya mguu, bila kuugusa. "Asubuhi kulikuwa na kamba. Ngumu. Inaanzia hapa nyuma ya goti, inapanda hapa kwa ndani. Shubiri moja na nusu. Mchana ilikuwa shubiri moja, na juu imelegea." Alikiangalia kiganja chake. "Daktari, hiyo nusu imekwenda wapi?"

Daktari alikuwa amekwisha kulifungua pazia lote. "Oksijeni huku," alisema. "Na kile kidude cha kitanda cha saba nileteeni sasa."

* * *

Kidude kilisoma themanini na nane. Kwa mtu mwenye mapafu mazima, alisema muuguzi, kingesoma tisini na tano kwenda juu. Moyo ulipiga mara mia moja na ishirini na sita kwa dakika kwa mtu aliyelala chali. Sindano ya kwanza, ya kuzuia damu isiendelee kuganda, ilimwingia Fundi tumboni kabla ya picha yoyote. Daktari alisema kuna mambo ambayo mtu huyatibu kwanza, kisha ndipo huyapiga picha.

Picha zilikuja zikathibitisha. Mguuni, msukuma mashine alibonyeza kila mshipa na kila mmoja ulifumba kama mdomo, isipokuwa ule wa nyuma ya goti na paja, uliokataa kufumba kwa sababu ulikuwa umejaa. Kifuani, ile mashine kubwa ya duara ilionyesha kipande cha damu iliyoganda kimekwama kwenye pafu la kulia.

"Kwenye tawi," daktari aliwaambia kina ndugu koridoni, "si kwenye shina. Kingekwama kwenye shina, tusingekuwa tunazungumza hivi. Kipande kingine bado kiko mguuni. Angelala hapa mpaka kesho bila dawa, nacho kingepanda."

Mume wa Fundi alikuwa amefika, rangi nyeupe nyweleni na kwenye nyusi, kama mtu aliyezeeka njiani. Alimsikiliza daktari mpaka mwisho. Kisha akamgeukia dada yake.

"Dada, ni kweli nilivyosikia kwa watu?"

"Ni kweli."

Kaka yake alikwenda kusimama dirishani, akaanza kubandua rangi iliyokauka kwenye kucha, kidole kimoja baada ya kingine. Bi Mikono angependa apigiwe kelele. Kelele alizijua, kelele angeweza kuzijibu.

Watu wa benchi nao walikuwa wameanza kukumbuka shughuli zao. Nahodha aliutazama mguu wake, akaunyoosha, akaukunja. "Huu wangu si umepoa?" alimuuliza jirani yake kwa sauti ya pembeni. Mama kijana alisema kichanga kinataka kulala nyumbani, na kuhusu kesho, basi, angemjulisha. Muuza mkaa aliinuka akajinyoosha taratibu.

"Kiuno changu, Bi Mikono, kimepona chenyewe," alisema. "Ajabu kabisa."

"Nenda salama," alisema Bi Mikono. "Na ukilala, laza godoro chini."

Akabaki na viti vitupu na harufu ya mkate kwenye nguo. Daktari alipopita tena alimkuta ameikunja mikono yake kwapani, kama mtu aliyebeba vitu vya wizi.

"Mama, nitakuambia mambo mawili," alisema daktari, akikaa kwa mara ya kwanza siku ile. "La kwanza, mguu mmoja ukivimba ghafla, ukapata joto na kuuma, usiuguse. Mlete mtu hapa. La pili, uongo wake ungemuua kwa mapenzi matupu. Ulichosema kimetuokolea saa, na hizo saa ndizo zilizokuwa zinahitajika."

"Nilimpandishia mimi kifuani."

"Huenda. Huenda kingepanda chenyewe alipoinuka. Siwezi kukuapia upande wowote."

"Kwa hiyo hizo sindano zinakiyeyusha?"

"Hapana. Watu huita dawa ya kuyeyusha, lakini haiyeyushi. Inalizuia bonge lisikue na lisizae jingine. Kuyeyusha ni kazi ya mwili wenyewe, taratibu, wiki na miezi. Sisi tunamshikia mwizi mlango tu, mwenye nyumba anamtoa."

Bi Mikono aliutafakari mfano ule, akaupenda, akauweka akiba. Hata siku ile.

* * *

Siku ya tano pumzi ya Fundi ilikuwa imerudi kwa kiasi cha kumtosha kugombana kuhusu sare. Binti na fundi wa mtaa wa pili walikuwa wamezimaliza. Fundi aliletewa sketi moja kitandani, akaipindua, akasema pindo limekwenda kama njia ya mlevi. Muuguzi akasema mgonjwa huyu anaweza kwenda kwake.

Lakini dawa ilikuwa bado. Vidonge angemeza miezi sita, na kwa siku nne za mwanzo nyumbani sindano zingeendelea, moja kila asubuhi, mpaka kipimo cha damu kionyeshe kwamba vidonge vimeshika kazi. Asinywe dawa yoyote ya maumivu ya dukani. Fizi zikivuja damu, au choo kikiwa cheusi, arudi mbio. Anywe maji, na kila saa ainuke atembee.

"Sasa," alisema muuguzi, akiinua sindano ndogo yenye dawa ndani yake, "nani atamchoma nyumbani?"

Mume alisogea mbele. Aliiangalia ile sindano, ikamwangalia, akakaa chini kwenye kitanda cha jirani.

"Ngazi ya mita tisa napanda," alisema. "Hii siwezi."

Binti alijaribu kwa chungwa. Alilichoma pembeni mara tatu, hata chungwa likamhurumia.

"Wifi atanichoma," alisema Fundi.

Tangu lile neno la koridoni mume hakuwa amesema na dada yake zaidi ya "hodi" na "haya". "Si yeye," alisema sasa, akitazama sakafu. "Mtafute mwingine yeyote."

"Tumbo ni la nani?"

"Mke wangu, nisikilize."

"Nakuuliza tumbo ni la nani."

Fundi alifunua tumbo lake mbele yao wote, bila haya, lenye michoro ya uzazi na madoa ya bluu ya sindano tano za wauguzi. "Mtu aliyejitaja mbele ya mtaa mzima ili nipone, huyo hawezi kunificha kitu. Mpe."

Muuguzi alimfundisha Bi Mikono. Nawa. Kaa mbali na kitovu, upana wa vidole vitatu. Finya ngozi, usiiachie. Ingiza wima, sukuma polepole, hesabu mpaka kumi, toa. Alifanya mara moja, na muuguzi, aliyekuja na uso wa kufundisha watu wanaosahau, akainua nyusi.

"Mkono wako mwepesi, mama. Sasa jambo la mwisho na ndilo kubwa. Ukishatoa, usisugue. Usikande. Ukisugua, damu inavilia chini ya ngozi, anapata uvimbe."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Hata kwa kidole kimoja?"

"Mama."

"Haya. Nauliza tu, nijue mpaka."

* * *

Nyumbani benchi lilikuwa tupu. Lilikaa uani likipigwa na jua tangu asubuhi hadi jioni, na kuku wa jirani wakaanza kulizoea. Siku ya pili hakuna aliyekuja, ila watu waliokuja kumpa Fundi pole kwa mlango wa mbele, wakapita haraka wakiangalia pembeni. Siku ya tatu, asubuhi, muuza mkaa alitokea kwenye uchochoro akitembea kiubavu kama kaa.

"Si kilipona chenyewe?" Bi Mikono alimuuliza.

"Kilipona. Kimeugua tena chenyewe."

"Pandisha suruali."

"Bi Mikono, ni kiuno."

"Kiuno nimekisikia. Pandisha suruali, nione miguu yote miwili."

Alipandisha. Bi Mikono aliinama akatazama mguu mmoja, akatazama wa pili, akaweka mgongo wa mkono hapa na pale kupima joto, akabonyeza kifundo kuona kama kinaacha shimo. Alichukua muda wake. Kisha akamwelekeza kwenye mkeka. Muuza mkaa alipotoka pale saa moja baadaye akiwa amenyooka, alikwenda akasimulia mtaani kwamba siku hizi kukandwa na Bi Mikono ni lazima upimwe kwanza kama mtu anayesafiri ng'ambo, na aliisimulia kwa majivuno ya mtu aliyefaulu.

Asubuhi ya sindano ya mwisho Fundi alikaa kitandani akiegemea mito miwili. Alikuwa amekwisha kwenda chooni na kurudi, amekwisha kunywa maji glasi mbili mbele ya binti yake kama mtoto. Mumewe alikuwa mlangoni, tayari kwa kazi, ndoo ya rangi mkononi, na hakuondoka. Kila asubuhi alikuwa amesimama pale pale. Alikuwa anamlinda mke, au anamchunga dada, hakuna aliyemuuliza.

Bi Mikono alinawa mpaka viwiko. Alifinya ngozi, akaingiza sindano wima, akasukuma. Alihesabu kwa midomo bila sauti. Akaitoa.

Tone moja dogo la damu lilijitokeza, jekundu, likatulia. Na mikono yake ikainuka. Hakuiagiza. Ilikuwa mikono ya miaka thelathini ya kazi. Mbele ya kila kilichouma ilikwenda yenyewe, kama mama anavyokwenda kwa kilio cha mtoto asiye wake. Vidole vilikuwa vimekwisha kujikunja kwa ajili ya kusugua, juu kidogo tu ya lile doa, hewani, na hapo akaisimamisha. Ilimchukua nguvu kuliko mgongo wowote aliowahi kuunyoosha. Akairudisha pole pole, akaiweka chini ya mapaja yake, akaikalia.

"Tayari?" aliuliza Fundi, macho kayafumba.

"Tayari."

"Mbona umekaa kama kuku anayeatamia?"

"Niache. Nahesabu."

"Si umekwisha kuhesabu?"

"Hii ni hesabu yangu mimi."

Mume wa Fundi aliiweka ndoo ya rangi chini. Alikuwa ameona yote, mikono ilivyoinuka na mahali iliposimama. Alikwenda jikoni, wakasikia sufuria, wakasikia kikombe, akarudi akasimama mbele ya dada yake na chai ya moto iliyojaa mpaka ukingoni.

"Dada," alisema. "Chai."

"Siwezi kuipokea sasa hivi."

"Naona."

Akavuta kigoda, akakaa, akakishika kikombe kwa mikono yake miwili iliyojaa madoa ya rangi, akamsogezea mdomoni. Bi Mikono akanywa, mikono yake bado ameikalia. Fundi alifumbua macho, akawatazama mtu na dada yake, watu wazima wenye mvi wananyweshana chai kama wachanga, akaanza kucheka. Alicheka kutoka chini kabisa ya mapafu, kicheko kirefu kilichopanda chote bila kukwama popote, na alipokimaliza akavuta pumzi nyingine, akacheka tena.